Kijana Anayesahau Apimwe: Barua ya Wazi kwa Waganga Wakuu wa Nyanda za Juu Kusini

Kwa Waganga Wakuu wa mikoa na halmashauri za Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe,

YAH: VIJANA WANAOPOTEZA KUMBUKUMBU NA KURUDISHWA NYUMBANI BILA KUPIMWA



Nawaandikia kutoka Mafinga. Nina miaka 27, nimezaliwa Mufindi na nimesomea hapa hapa. Hadi mwaka juzi nilikuwa karani kwenye yadi ya mbao. Sasa kumbukumbu zangu zinapungua, na hakuna aliyeweza kuniambia kwa nini. Siandiki kuomba mchango, wala sina mtu wa kumshitaki. Naandika kwa sababu kwenye mabenchi ya kusubiria daktari nimekutana na vijana wengine wenye shida kama yangu, na wote wameambiwa yale niliyoambiwa mimi: wewe bado kijana, huna kitu. Ombi langu kwenu ni moja. Kijana anayesahau apimwe kwa utaratibu unaojulikana, kabla hajapewa jibu lolote.

Nieleze kwanza kusahau kwenyewe, maana wengi hudhani ni kule kwa kila mtu kutafuta funguo alizozishika mkononi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mbao: mbili kwa nne ngapi, mbili kwa sita ngapi, moja kwa nane ngapi. Gari likijaa nasaini, linaondoka. Siku moja nikaonyeshwa karatasi ya gari lililopakiwa jana yake. Sahihi yangu, mwandiko wangu, na mimi sikuwa na picha yoyote ya gari lile kichwani. Baadaye njia ya kutoka Kinyanambo kwenda stendi, niliyoipita tangu shule ya msingi, ikawa ngeni kwangu kwa dakika kadhaa. Mama akiniambia jambo asubuhi, jioni ananiambia tena nami nalisikia kama habari mpya. Mambo ya zamani yote yapo: majina ya walimu, sauti za wanakwaya wenzangu, bei ya andazi la shuleni. Kinachoingia leo ndicho kisichokaa.

Kila mtu ana jibu. Jirani anasema nimechezewa. Kwenye maombi niliambiwa ni roho inayofunga akili. Kazini walinong'ona kuwa ni bangi, ambayo sijawahi kuivuta. Kituo cha kwanza cha afya nilikokwenda walinipima malaria na VVU. Vyote havikuonekana, na muuguzi akaniambia kwa upole, "Mwanangu, una mawazo tu. Kapumzike." Sina ugomvi na mama yule. Nyuma yangu foleni ilifika mlangoni, na mezani kwake hapakuwa na mwongozo wowote wa kumsaidia kuuliza swali la pili. Ninyi ndio mnaoweza kuuweka mwongozo huo pale mezani, na ndiyo maana barua hii inakuja kwenu.

Familia yangu iliuza kipande cha shamba la mipainasi ambayo haijakomaa, nikapelekwa mbele zaidi. Nimepigwa picha ya ubongo ya CT scan, nimetolewa damu kwa vipimo vingi, na bado chanzo hakijapatikana. Daktari wa mwisho aliniambia waziwazi kwamba hajui, akanitajia moja baada ya jingine magonjwa aliyoyaondoa kwenye orodha, akanipangia tarehe ya kurudi. Nilitoka pale nikiwa na amani kuliko siku zote. Ugonjwa usiojulikana baada ya kupimwa nimeukubali, naishi nao. Ugonjwa usiojulikana kwa sababu hakuna aliyepima ndio ninaoupinga, na ndio uliowashika wengi wa wenzangu.

Wapo pia ambao chanzo chao kingepatikana, tena kina tiba. Ukanda wetu una sababu zake za kuharibu kumbukumbu za vijana, na ninyi mnazijua kuliko mimi. Naomba nizitaje hapa ili na mwananchi azisikie.

Tuanze na VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe na asilimia 11.1 Iringa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Virusi visivyodhibitiwa kwa dawa huingia hadi kwenye ubongo. Pia hufungua njia kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi na ya kifua kikuu, na kila moja huweza kuacha akili ikiwa nzito. Ni haki kipimo hiki kiwe cha kwanza. Tatizo ni kwamba kwetu kimekuwa pia cha mwisho. Ukionekana huna, faili linafungwa. Ukionekana unavyo, kila utakachosema kuanzia siku hiyo kinawekwa juu ya VVU, hata kama unatumia dawa vizuri na shida ya kichwa ina chanzo kingine.

La pili ni tegu wa nguruwe. Sisi tunafuga nguruwe na tunaipenda kitimoto, na sioni aibu kwa hilo. Lakini pale nguruwe anapoachiwa azurure mahali ambapo watu wanajisaidia vichakani, anakula mayai ya tegu na nyama yake inajaa vijifuko vyeupe. Anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva anapata tegu tumboni. Mayai yanayotoka kwa mtu huyo yakiingia kinywani mwa mtu kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa, vijifuko hujijenga mwilini, na baadhi hukaa kwenye ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua. Dalili kubwa ni kifafa na maumivu ya kichwa, na kumbukumbu nayo huweza kuathirika.

Hili limepimwa hapa kwetu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba nguruwe waliokaguliwa ulimi walikutwa na vijifuko kwa asilimia 7.6 Chunya, asilimia 8.4 Iringa Vijijini na asilimia 16.9 Ludewa. Mwaka 2013 yakachapishwa matokeo ya Mbozi: watu 830 wa vijiji 13 walichunguzwa, na asilimia 16.7 walikuwa na dalili kwenye damu za kubeba vijifuko hai. Wachunguzi walifika hadi vijijini kwetu, wakachukua damu, wakaandika. Kijana wa Mbozi au Ludewa anayeanguka kifafa au kusahau ana haki ya kuulizwa juu ya tegu kabla ya kuulizwa juu ya uchawi. Na hapa mwananchi asikie vizuri: usinunue dawa kali za minyoo ukazimeza mwenyewe ukidhani unatibu kichwa. Vijifuko vikifa kwa ghafla ubongo huvimba. Tiba hiyo hutanguliwa na picha ya ubongo na husimamiwa na daktari.

La tatu ni mkaa. Mafinga Juni na Julai ni baridi ya kuuma mifupa. Vijana wengi wamepanga chumba kimoja, na usiku jiko la mkaa huingizwa ndani, mlango ukafungwa, upenyo wa chini ukazibwa kwa nguo. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Vifo vyake vinasikika redioni. Wanaoamka wakiwa hai hawasikiki, nao huweza kupata shida ya kumbukumbu, pengine siku au wiki kadhaa baada ya kudhani wamepona. Sijawahi kumsikia mhudumu akimuuliza kijana wa Mafinga, "Unalala na jiko ndani?" Swali hilo halihitaji mashine wala umeme.

La nne ni vichwa vilivyogongwa. Tunaishi kandokando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Machi 11, 2015, pale Changarawe, kontena la lori liliangukia basi na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Nchi nzima ililia nasi. Lakini barabara hii, bodaboda zetu na kazi za msituni huumiza vichwa kila wiki bila kuingia kwenye habari. Kijana anashonwa jeraha, anaruhusiwa, na miezi baadaye anaitwa mvivu kazini kwa sababu hakumbuki alichoagizwa. Kwenye Shamba la Miti Sao Hill na viwanda vya mbao vinavyolizunguka kuna maelfu ya vijana. Aliyegongwa kichwa apewe tarehe ya kurudi aulizwe kuhusu kumbukumbu, si kutolewa nyuzi tu.

La tano ni kifafa kisichoangusha. Wengi tunakijua kifafa cha kuanguka na kutoa povu. Kuna kingine ambacho mtu huzubaa, anatafunatafuna au anachezea kifungo cha shati, kisha anarudi hajui dakika zile zimekwenda wapi. Wenzake husema anaota mchana. Upande wa pili wa bonde la Kilombero, kule Mahenge, daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wengine wakila peke yao kwa hofu kwamba ugonjwa unaambukiza. Hakuwa na CT scan. Alikuwa na daftari, subira ya kuwasikiliza ndugu wa mgonjwa, na vidonge vya bei nafuu vya phenobarbital, na watu wengi walirudi kulima na kuishi na familia zao. Kama hilo liliwezekana Mahenge mwaka 1960, haliwezi kutushinda Mafinga leo.

Nyingine nazipitia kwa kifupi. Tezi ya shingo inayofanya kazi pole pole huzorotesha akili, na wazee wetu wanakumbuka goita ilivyokuwa imetapakaa nyanda hizi kabla ya chumvi kutiwa madini joto. Kaswende ya muda mrefu hufika kwenye ubongo. Ulanzi na pombe nyingine zikinywewa kila siku bila chakula hukausha vitamini B1, na kumbukumbu huharibika, wakati mwingine moja kwa moja. Upungufu wa vitamini B12 nao una dawa.

Na huzuni je? Huzuni nzito huiba kumbukumbu kweli, na kukosa usingizi vilevile. Sikatai hata kidogo kwamba baadhi yetu shida yetu ni "mawazo". Ninachosema ni kwamba kama ni mawazo, basi huo nao ni ugonjwa wenye tiba, na mgonjwa asitolewe mlangoni kwa neno hilo. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye sonona kwa utaratibu maalumu, na mpango huo umevuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar. Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kinachokosekana ni kuwafundisha nini cha kuuliza na wapi pa kumpeleka mtu.

Ndugu Waganga Wakuu, liko jambo moja ambalo ni vigumu kwa asiyesahau kuliona. Huduma zetu zote zimesimama juu ya kumbukumbu ya mgonjwa. Mnatuuliza: ilianza lini? Umetumia dawa gani? Umelazwa wapi? Tarehe ya kurudi ni lini? Umekuja na majibu ya damu? Mgonjwa wa mguu atajibu. Mimi ugonjwa wangu umekaa palepale panapotakiwa kutoa majibu. Nimewahi kurudia kipimo kilekile katika vituo viwili kwa sababu sikukumbuka kuwa nimeshapimwa, na karatasi ilibaki kwenye faili la kituo cha kwanza. Nimewahi kuulizwa kwa ukali kwa nini sikuja tarehe niliyopangiwa. Na mama aliponisindikiza hadi mlangoni, aliambiwa asubiri nje kwa sababu mimi ni mtu mzima. Yeye ndiye aliyekuwa na majibu.

Naomba basi mambo haya.

Kwanza, andaeni mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ubandikwe kila zahanati na kituo cha afya. Uwe na maswali: jeraha la kichwa, mkaa chumbani, kuzubaa, homa kali ya hivi karibuni, pombe, dawa anazotumia, usingizi, huzuni. Uwe na vipimo vya mwanzo: VVU, kaswende, malaria, sukari, wingi wa damu, na tezi pamoja na vitamini pale vinapopatikana. Uwe pia na dalili za kumkimbiza mtu hospitali siku hiyo hiyo, yaani homa na shingo ngumu, degedege, kupooza upande mmoja, au kuchanganyikiwa kwa ghafla.

Pili, rufaa iwe na njia iliyoandikwa. Kutoka Mafinga hadi Iringa mjini ni kilomita kama 80, na Mbeya iliko hospitali ya rufaa ya kanda ni zaidi ya kilomita 200. Mashine za CT scan zimeletwa kwenye hospitali za rufaa za mikoa kwa fedha zilizotokana na mkopo wa mwaka 2021 wa shilingi trilioni 1.3, na tunashukuru. Zitatufaa kama mtu wa zahanati ya Mufindi atapewa barua, siku na jina la idara, badala ya kuambiwa "nenda Iringa". Kambi za madaktari bingwa zinazozunguka halmashauri ziwe na daktari wa mishipa ya fahamu walau mara moja kwa mwaka. Na utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, uhakikishe picha ya ubongo haimlazimu mtu kuuza miti yake ikiwa michanga.

Tatu, mgonjwa wa kumbukumbu aruhusiwe kuingia na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Majibu yaandikwe kwenye daftari lake, tarehe ya kurudi itumwe kwa simu yake na ya msindikizaji. Kliniki za VVU zimetuonyesha kwamba mgonjwa anaweza kufuatiliwa hadi nyumbani akikosa tarehe. Tunaomba heshima hiyo hiyo.

Nne, kaeni meza moja na maofisa mifugo na maofisa afya wa kata. Nguruwe wafungiwe mabandani, nyama ikaguliwe kabla ya kufika jikoni, vyoo vitumike. Tegu hamalizwi na daktari peke yake.

Kwa vijana wenzangu mnaosahau na mnaficha, nawaambia haya niliyojifunza. Uwe na daftari moja tu, lenye tarehe juu ya kila ukurasa, usiandike kwenye vipande vya karatasi. Tumia kengele ya simu kwa dawa na kwa chakula. Usifute ujumbe wa miamala ya fedha. Mimi ujumbe huo hunikumbusha nilimlipa nani, kiasi gani na saa ngapi. Chagua mtu mmoja unayemwamini, umwambie ukweli wote, awe anasoma daftari lako. Kwangu ni mdogo wangu, na amenisaidia kuandika barua hii, akinisomea kila aya kabla sijaendelea na nyingine. Kama kuna dakika zinakupotea, usiendeshe bodaboda wala usisimame kwenye msumeno. Lala vya kutosha, achana na pombe, na usinunue vidonge vya kuongeza akili vinavyouzwa stendi. Ukienda hospitali, nenda na mtu aliyekuona unapozubaa, maana yeye aliona na wewe hukuona. Ukitaka kuombewa, ombewa, kisha nenda ukapimwe.

Ndugu Waganga Wakuu, huenda mimi chanzo changu kisijulikane kamwe. Nimekwisha kuanza maisha mengine: nalima viazi na mama, naandika kila kitu, na kila tarehe ya kliniki nahudhuria. Lakini wapo vijana Mafinga, Makambako, Mbozi na Tukuyu ambao kidonge, picha moja, au swali moja kuhusu jiko la mkaa lingewarudishia akili zao. Hawawezi kuja kudai kila wiki, kwa sababu wanasahau. Wekeni mwongozo huo kabla baridi ya Juni haijafika, na anzeni na zahanati.